Naomba ushauri: kituo cha nje kwa wanafunzi wa tiba kwa vitendo

Wakuu, habari zenu. Naratibu mafunzo ya wanafunzi wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, yaani kumsaidia mgonjwa amudu shughuli zake za kila siku), na tunataka kushirikiana na kituo cha nchi nyingine. Viwango vya shirikisho la dunia la fani yetu, WFOT, vinataka mwanafunzi afikishe angalau saa 1,000 za mafunzo ya kazini, kwa hiyo saa za huko lazima zihesabike.

Kinachonikwamisha ni usimamizi. Kituo tulichokipata kina kila kitu: wagonjwa wa kiharusi wanaojifunza upya kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, watoto wenye mtindio wa ubongo. Ila mtaalamu wa fani yetu hana. Yupo wa fiziotherapia tu. Je, msimamizi wetu akifuatilia kwa video kila wiki, inatosha? Nani ajaze fomu ya tathmini? Waliowahi kufanya hivi, mliliandikaje kwenye makubaliano?

Halafu wenyeji wanafaidika nini? Sipendi wapokee wageni miaka nenda rudi huku wanafunzi wao hawatoki (bajeti yetu ya kuwaleta ni finyu, nasema mapema). Bima na vibali tunashughulikia.