Naombeni ushauri: kujifungua kwa magoti na mikono

Wakunga wenzangu, na akina mama mliojifungua kwa mikao tofauti, habari zenu.

Suala ni mama ambaye kisogo cha mtoto kimeelekea mgongoni mwake. Njia imefunguka sentimita 10, maumivu ya kiuno hayavumiliki. Kulala chali kunayazidisha, tena tumbo linakandamiza mishipa mikubwa ya damu. Akipiga magoti na kushika chini kwa mikono anapata nafuu kweli, ila viganja vinachoka haraka, na mapigo ya mtoto, ambayo sasa yanatakiwa kusikilizwa kila dakika 5, hayapatikani kirahisi kwa fetoskopu. Kulala ubavu kumejaribiwa: msamba unaonekana vizuri, lakini kiuno kinauma upya. Kuchuchumaa kunapanua nyonga, sawa, ila kichwa kikishuka kwa kasi msamba huchanika. (Kiti cha kuzalia sikipendi, akikikalia muda mrefu msamba huvimba.)

Akiwa amepiga magoti, fetoskopu mnaiweka wapi bila kumgeuza? Na akina mama, mlioegemeza kifua kwenye mito badala ya kutegemea viganja, mliweza kusukuma vizuri au nguvu ilipotea?