Naomba ushauri: eko (altrasaundi) ya moyo ya mama, daktari anataka ya kupitia kooni

Habari zenu wakuu. Mama yangu anahema sana akipanda ngazi, miguu inavimba jioni, na usiku halali bila kuinuliwa na mito. Eksirei ilionyesha moyo umetanuka, akapelekwa altrasaundi ya moyo. Majibu: nguvu ya moyo kusukuma damu ni asilimia 35, wakati kawaida ni kuanzia 55 hivi, na vali ya mitrali (mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inavuja, ila inavuja kiasi gani haikuonekana vizuri.

Kaanza dawa za kupunguza maji. Uvimbe umeshuka, pumzi bado. Sasa daktari anataka kupitisha mpira wa kipimo kooni, kwa kuwa umio unapita nyuma tu ya moyo na vali huonekana kwa karibu. Mimi nimemwelewa. Mama kusikia atameza mpira, kagoma kabisa, na ukimjua mama hasukumwi.

Waliopitia, au mnaofanya kazi hiyo: mgonjwa asiyeweza kulala chali anafanyiwaje kipimo hiki, na dawa ya kumtuliza haimzidishii shida ya pumzi? Pili, kuna hatari tukisubiri dawa zifanye kazi, kisha turudie eko ya kawaida kwanza?