Tupeane uzoefu: picha za zamani za miji ya mtoni na relini, Gulwe hadi Kilosa

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Gulwe, Mpwapwa. Mama akatoa mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya katani, ndani yake picha za marehemu baba, aliyekuwa kwenye genge la reli, yaani kikosi cha kutunza njia ya treni. Moja imenishika mpaka leo. Baba na wenzake watatu wamesimama kwenye tuta, nyuma yao daraja la chuma, chini mto umekauka, mchanga mtupu. Pembeni kuna mama ameinamia shimo alilolifukua mchangani, kata mkononi, anasubiri maji yajikusanye. Mpiga picha hakumkusudia, lakini kwangu huyo ndiye picha yenyewe. Nami nimeteka maji hivyo hivyo, unachota kata moja halafu unakaa chini kungoja nyingine.

Nyuma ya picha hakuna hata neno. Mama anasema tu, "Hujazaliwa bado." Nikaikuza kwenye simu, nikaona behewa lina herufi EAR&H. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa 1948, na mwaka 1969 reli ikatenganishwa na bandari. Baba aliajiriwa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967. Herufi za behewa hazifutwi kwa siku moja, kwa hiyo naiweka kati ya 1967 na mwanzoni mwa miaka ya 70.

Nawaomba wenye picha za madaraja, stesheni, maduka au mitaa ya zamani mtusimulie. Mmejuaje ni wapi na ni lini?

MWANA KILOSA
Hongera kwa kuipata, mkuu. Mto huo huo ukifika kwetu unaitwa Mkondoa, na ukija umekuja. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 yalifika usawa wa dirisha. Albamu tuliikuta siku ya tatu kwenye tope, picha zimegandana. Mjomba akaanza kuzibandua kwa kucha, sura ya bibi ikang'oka ikabaki mgongoni mwa picha nyingine. Alikaa kimya siku nzima.

Iliyopona ni moja, ile ambayo bibi aliwahi kumtumia shangazi aliyeolewa Dodoma. Inaonyesha mtaa wa maduka yenye baraza, cherehani mbili nje, baiskeli imeegemezwa kwenye nguzo. Shangazi alipotuonyesha, wazee walianza kutaja wenye maduka mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka wakafika duka ambalo hakuna aliyekumbuka jina lake.

FUNDI PICHA DOM
Pole sana kwa hilo. Wengine msikie: picha za karatasi zilizogandana msizibandue zikiwa kavu. Zilowekeni kwenye beseni la maji safi ya baridi, mzisubiri ziachie zenyewe, kisha mzilaze kivulini uso ukiangalia juu. Kuipiga kwa simu, toka nje penye kivuli, zima flashi, simu iwe sambamba na picha. Nyuma andika kwa penseli, maana wino wa kalamu unapenya na kuchafua uso. Na mkebe usikae sakafuni, mchwa wa Dodoma mnawajua.

BARABARA YA NANE
Mimi ninayo ya Dodoma mjini, mtaa wetu, baba akiwa na suruali pana miguuni. Hatukujua mwaka mpaka kaka alipoona kibao cha duka nyuma yake, duka ambalo familia inakumbuka lilifungwa lini.

MZEE WA GODEGODE
Mwanangu, mto wa hapo Gulwe ni Kinyasungwe, uandike hivyo, vijana wanachanganya. Wajerumani waliianza reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe waliifuata mito kwa sababu bonde ndilo lililowapa njia ya kupanda milima. Ndiyo maana kila masika makubwa maji yanadai tuta lao. Sisi tuliokaa genge tulikuwa tunaamshwa usiku kwenda kumwaga mawe. Sasa nakuomba kitu kimoja: hesabu nguzo za hilo daraja. Na yule wa pili kutoka kushoto, ana kofia?

MLETA MADA
Shikamoo mzee. Nguzo zinazoonekana ni tatu, ya nne imekatwa na ukingo wa picha. Wa pili kutoka kushoto ana kofia, ameikunja mbele, na ameshika nyundo ya mpini mrefu.

MZEE WA GODEGODE
Marahaba. Hiyo kofia ni yangu. Wa pili ni kaka yangu, aliiazima kwangu asubuhi ile kwa ajili ya picha.

MLETA MADA
Mzee, nimemsomea mama. Amesema Jumamosi tuje Godegode, na mkebe anaubeba yeye mwenyewe. Penseli nimenunua.