Matundu ya pua yanaonekana mno ukimtazama mtu usoni: upasuaji upi unafaa?

Mkunazi: Wakuu, pua ilishapasuliwa mara moja kupunguza ncha. Sasa matundu yanaonekana wazi, na ukingo wa kulia umepanda kuliko wa kushoto. Kuna anayeshauri mabawa (kuta za nje za matundu) yapunguzwe. Ni sahihi?

Pembe Tatu: Hapana, mkuu. Kukata chini ya bawa kunapunguza upana wa tundu tu; ukingo uliopanda unabaki palepale. Pima kwanza. Kwenye picha ya ubavuni, chora mstari unaopita katikati ya tundu kwa urefu wake. Ukingo ukiwa juu ya mstari kwa zaidi ya mm 2, bawa ndilo lililopanda. Nguzo ya katikati, ile inayotenganisha matundu mawili, ikiwa chini ya mstari huo kwa zaidi ya mm 2, basi nguzo ndiyo inayoning'inia, na bawa halina kosa.

Gegedu: Bawa likiwa limepanda kidogo, kipande cha gegedu (mfupa laini) kutoka ukuta wa kati unaogawanya pua kinatosha: urefu mm 12–15, upana mm 2–3, kinapenyezwa kwenye mfuko mwembamba sambamba na ukingo. Mfuko ukiwa mpana, kinahama. Likipanda zaidi ya mm 3, hasa kwenye pua iliyokwishapasuliwa, gegedu peke yake haifui dafu, maana ngozi ya ndani nayo imepungua na kovu linavuta juu. Hapo huchukuliwa gegedu ya sikio pamoja na ngozi yake, ikashonwa ndani ya tundu. Kipande hicho huanza cheupe, kikageuka bluu, halafu waridi. Bluu ya siku za mwanzo isiwatie kiwewe. Mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla, la sivyo kinaweza kufa.

Mkunazi: Na kama ncha nayo imenyanyuka?

Pembe Tatu: Anza na ncha. Inashushwa kwa gegedu ya ukuta wa kati, au ya ubavu kama ya ukuta ilishatumika. Ukivuna ukutani, acha ukanda wa angalau mm 10 juu na mbele, pua isije ikabonyea. Ncha ikishashuka pima ukingo upya palepale mezani, kwa kuwa nguzo nayo hushuka na tofauti na bawa huweza kuongezeka.

Gegedu: Pua isiguswe kabla ya miezi 12 tangu upasuaji wa kwanza. Na sindano ya kujaza (filler) kwenye pua yenye makovu ni hatari: ikiziba mshipa, ngozi hufa, hata jicho huweza kupofuka.