Vikao vya kubadilishana utamaduni na Wajerumani: saa na bando

Wadau, klabu yetu ya vijana Kayole ina vikao vya video na wenzetu wa Berlin. Wiki hii tumeingia, wao wametoka. Na bando linaisha katikati. Tunakosea wapi?

— Ni saa, ndugu. Ujerumani husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi. Kiangazi chao (Machi hadi Oktoba) wako nyuma yetu saa moja, baridi yao saa mbili. Kwenye mwaliko andika, kwa mfano wakati wa kiangazi chao, "16:00 Nairobi, 15:00 Berlin". Ukiandika "saa kumi", Mjerumani anayejifunza Kiswahili atasoma 10:00.

— Bando: kompyuta moja, spika moja, chumba kimoja. Simu ya pili ikiwashwa maikrofoni humo humo, sauti inajirudia na kupiga mluzi. Mtandao ukilegea, zimeni video, bakini na sauti.

— Pia msianze na "tuambieni kuhusu Ujerumani", watanyamaza tu. Shika kiondo mbele ya kamera, onyesha ukambaa unavyoanzia kitakoni, maswali yatakuja yenyewe. Kurekodi je? Wa chini ya miaka 18 wanahitaji idhini ya mzazi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

— Asanteni. Kumbe saa!