Mrejesho: Nilikwenda Pemba kwa shangazi

Asalaam aleikum. Wiki tatu nyuma niliwauliza: nyumba ya shangazi yangu, kijijini nje ya Wete, imeanguka kiambaza kwa mvua za masika, nimpelekee nini bila kumvunjia heshima? Wengi mlisema pesa. Mmoja akasema nipeleke mikono yangu. Huyo ndiye aliyepatia.

Nilishuka Mkoani na mchele kilo 25 na bahasha. Nikamkuta shangazi kajitanda khanga safi, kaketi jamvini chini ya mwembe, vyombo kavipanga utadhani yumo ukumbini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kunywa chai kwanza."

Habari ya nyumba hakuitaja mpaka nilipomaliza kikombe! Bahasha aliipokea. Mchele akaupima kwa kibaba, nusu ukaenda kwa jirani ambaye jiko lake lilijaa tope.

Asubuhi ukaitishwa msaragambo. Vijana walikata fito, wanawake wakateka maji, mimi nikakanyaga udongo hadi magotini, na kukandika kwangu kulichekwa sana (nimekulia mjini, mnisamehe). Mzee mmoja akanitania mtu wa Unguja: dhoruba ya 1872 iliangusha mikarafuu yenu, yetu ikabaki, "sisi hatung'oki ovyo."

Kiambaza kimesimama, kinakauka. Aliyeniuliza kuhusu mabati: bado. Shangazi kakataa nimnunulie yote. Nilipie nusu, nusu atalipa mwenyewe akiuza karafuu.