Mwanangu hatulii hata kidogo: ni utundu tu au kuna tatizo?

Mama Pacha: Wenzangu, nina pacha wa miaka 7. Wa kike anakaa anamaliza kazi ya shule. Wa kiume akiandika mstari mmoja, kalamu imeshageuka ndege na yeye yuko juu ya meza. Mwalimu analalamika yaleyale. Bibi yake anasema ni sukari, shemeji anasema nimemdekeza (yeye hana mtoto). Nishike lipi?

Muuguzi wa Watoto: Dada, sukari iache, tafiti hazikuiona na hatia. Huenda ni ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia. Malezi pia hayaleti hali hii. Kikubwa ni kurithi. Kuzaliwa njiti na sumu ya madini ya risasi navyo huchangia. Ili kuitambua, daktari huangalia kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zipo nyumbani na shuleni pia. Usingizi wake vipi? Mtoto anayekoroma sana huweza kuhangaika hivyohivyo mchana.

Baba Wawili: Wangu ana ADHD, anatumia methilifenideti, dawa ya kumsaidia kutulia na kuzingatia. Inamsaidia, ila inakata hamu ya kula, kwa hiyo anakula kwanza ndipo anameza. Na agizo moja kwa wakati: "Vaa viatu." Ukiongeza "chukua begi, funga mlango", umemkosa.

Mama Pacha: Kukoroma? Huyo anakoroma mpaka dada yake anahama chumba! Basi hilo nitamwambia daktari kabla ya jingine lolote. Shemeji atanisamehe.